Aluminiamu imekataa rangi: kutafuta kosa kwenye anodaizi ya nyumbani

Maelekezo mengi ya kupiga anodaizi, yaani kuikuza kwa umeme ngozi ya aluminiamu ili ishike rangi, yanakuambia bafu la asidi (ndoo ya asidi iliyozimuliwa ambamo kipande kinazamishwa) liwe kwenye "joto la kawaida la chumba". Aliyeandika hayo chumba chake kina nyuzi 20. Dar es Salaam mwezi wa pili, maji yaliyolala kwenye ndoo usiku kucha yanaamka na nyuzi 28 au 29, na ukishawasha umeme yanazidi kupanda. Niliharibu vipande kadhaa, nikalaumu asidi, nikalaumu chaja, nikalaumu rangi, hadi siku nilipotumbukiza kipimajoto nikaona bafu limefika 36. Maneno hayo ya chumba ndiyo yaliyokuwa yananiponza.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu wa pwani anayefanya kazi uani kwa ndoo za plastiki. Wa Arusha au Nairobi ataona baadhi ya shida hizi hazimhusu, ila naye ana yake moja; tutaifikia kwenye kuchemsha.

Kwa asiyeijua, kazi yenyewe ni hivi. Aluminiamu ikiguswa na hewa inajivika ngozi ya oksaidi yenye unene wa nanomita chache tu. Ngozi hiyo ndiyo inayoifanya isiliwe kama chuma, lakini kwa hewa ya chumvi ni nyembamba mno. Anodaizi ni kuikuza kwa umeme ndani ya asidi ya salfa, kipande kikiwa upande wa chanya, mpaka ifike maikroni 10 hadi 25 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), yaani mara elfu kadhaa ya ile ya asili. Ngozi mpya ina vitundu vilivyosimama wima kama sega la nyuki. Rangi inaingia humo, kisha maji ya moto yanavifunga. Karibu kila tatizo utakaloliona ni habari ya vitundu hivyo: havikuota, vimeota vibaya, vimezibwa kabla ya wakati, au vimeachwa wazi.

Na si mchezo mpya. Mwaka 1923 Waingereza Bengough na Stuart walitengeneza njia ya kwanza ya viwandani, kwa asidi ya kromiki, ili kukinga sehemu za ndege zinazotua majini zisiliwe na bahari. Njia ya asidi ya salfa, hii yetu, ikafuata mwaka 1927. Ile ya kromiki iache huko huko. Inasababisha saratani na haina nafasi uani kwako.

## Vipimo ninavyoanzia

Natumia asidi mpya ya kujazia betri za magari, yenye uzito linganishi (uzito wake ukilinganishwa na wa maji) wa karibu 1.28. Kipimo kimoja cha asidi kwa vipimo viwili vya maji ya betri. Angalia vizuri chupa, kwa sababu dukani jina "maji ya betri" wengine wanalitumia hata kwa asidi yenyewe. Hapa nasema yale maji safi ya kuongezea. Asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kidogo kidogo, ukikoroga. Ukifanya kinyume inachemka na kukurukia usoni.

Upande wa hasi weka bamba la aluminiamu lenye eneo lisilopungua la kipande chako. Vitabu vya zamani vinataja risasi. Inafanya kazi, lakini risasi ni sumu na bamba la aluminiamu linatosha.

Umeme ni ampea 1.3 kwa kila desimita ya mraba. Bamba la sentimita 10 kwa 10 lina desimita moja ya mraba kila upande, jumla mbili, kwa hiyo ampea 2.6. Unene unaupata hivi: ampea kwa desimita ya mraba, zidisha kwa dakika, zidisha kwa 0.3, jibu ni maikroni. Dakika 45 kwa 1.3 zinakupa kama 17. Kwa kitu kinachokaa nje hapa pwani mimi sishuki chini ya hapo.

Miwani ya kinga, glavu ndefu, na ndoo ya maji yenye baikabonati, ile magadi soda ya kuumulia maandazi, iwe pembeni kabla hujaanza. Kazi ifanyike nje. Upande wa hasi unatoa hidrojeni, na hidrojeni haihitaji zaidi ya cheche ya klipu kulipuka.

## Kabla ya dalili zote: shika mita

Watu wanapoteza siku nzima kubahatisha kitu ambacho multimita inajibu kwa sekunde tano. Suuza kipande, kikauke, weka mita kwenye ohmi au kwenye ule mlio wa kupima waya, gusa uso sehemu mbili kwa ncha za mita bila kukwaruza. Ikilia, hakuna ngozi. Tatizo lako liko kwenye umeme au kwenye waya. Isipolia, ngozi ipo. Umeme ulifanya kazi, na kosa litafute kwenye joto, usafi, rangi au kuchemsha. Fanya hivi kabla hujatia rangi. Kipande kisicho na ngozi hakitashika rangi hata ukilaze humo mpaka kesho.

Mita hiyohiyo itakuokoa na mtego mwingine. Vipande vya mabaki kutoka kwa mafundi wa madirisha ni vizuri sana kwa majaribio, maana fremu nyingi za madirisha ni aloi (aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine) namba 6063, na hiyo inakubali anodaizi kuliko karibu zote. Lakini mara nyingi vimekwisha kupigwa anodaizi au rangi ya unga kiwandani. Mita ikikataa kulia kwenye kipande ambacho hujakigusa, kinahitaji kuvuliwa ngozi ya zamani kwanza.

## Chaja haitoi umeme kabisa

Hii ni fupi. Chaja za kisasa zenye akili zinatafuta betri kwanza. Zisipohisi volti za betri zinakaa kimya. Bafu lako si betri. Tumia chaja ya zamani ya transfoma, au bora zaidi pawa saplai ya mafundi simu, ile yenye vifundo viwili, cha volti na cha ampea. Ya volti 30 na ampea 5 inatosha kazi ndogo zote za nyumbani. Transfoma ya kujifungia mwenyewe isiyotenga umeme wa ukutani, sahau.

## Ampea zinaanza vizuri kisha zinaporomoka

Dakika tano za mwanzo kila kitu sawa, ghafla sindano inaanguka karibu na sifuri. Chanzo karibu kila mara ni pale waya unapogusana na kipande. Ngozi tunayoiotesha haipitishi umeme. Waya ukicheza kidogo tu, ngozi inaota katikati yake na kipande, na hapo umejifungia mlango mwenyewe. Ukitoa kipande ukiangalia, pale pa kugusana pana doa jeusi au la kijivu.

Dawa si kukaza tena na kuendelea. Ngozi imeshaota nusu upande mmoja, robo upande mwingine, na rangi itakuonyesha mpaka huo kama ramani. Vua ngozi yote kwa kostiki soda, anza upya, na safari hii waya uingie kwa nguvu kwenye shimo la skrubu, ubane kama kabari. Waya uwe wa aluminiamu. Titani pia inafaa, na hailiwi, lakini kuipata ni shughuli. Alama ndogo pale pa kugusana itabaki daima, kwa hiyo chagua mahali pasipoonekana.

## Ampea ni nyingi, volti chache, ngozi hakuna

Hapa umeme unapita kwingine. Mwenzangu mmoja alinipigia simu akisema bafu lake limekuwa la buluu. Alikuwa ametumia waya wa shaba. Shaba inayeyuka kwenye asidi ikiwa upande wa chanya, inakula umeme wote, inachafua bafu, na kipande cha aluminiamu kinabaki kama kilivyoingia. Chuma cha kawaida kinafanya hivyohivyo. Kagua pia kipande chenyewe: bushi ya shaba nyeupe iliyoshindiliwa ndani, skrubu iliyovunjikia shimoni, ribiti ya chuma. Chochote kisicho aluminiamu kitoke, la sivyo kazi haiendi.

Bafu lililokwisha kuwa la buluu usilihifadhi kwa huruma. Liue kwa baikabonati mpaka liache kutoa povu, ndipo ulimwage, na si kwenye bustani ya mchicha.

## Ngozi inapukutika kama chaki

Unapitisha kidole na kinatoka cheupe. Au rangi iliingia vizuri, nzuri kweli, ukifuta kwa kitambaa inaondoka na unga. Hili ndilo tatizo la pwani, na nitakaa hapa kidogo.

Ndani ya bafu kuna kazi mbili zinazokwenda kwa wakati mmoja. Umeme unaotesha oksaidi, na asidi inaila oksaidi hiyohiyo. Kwenye nyuzi 18 hadi 22 umeme unashinda kwa mbali. Kadiri bafu linavyopata joto asidi inapata meno. Vitundu vinapanuka kuanzia juu, kuta zake zinakuwa nyembamba, na mwishoni uso unabaki kama biskuti iliyoloa. Kurefusha muda hakusaidii; unazidi kuulisha uso kwa asidi.

Dalili ya mapema ipo kwenye volti. Ukiwa umeshikilia ampea 1.3 kwa desimita ya mraba, volti hucheza kati ya 12 na 18. Ukiona ampea ni zilezile lakini volti zinateremka pole pole kadiri muda unavyokwenda, bafu linapata moto. Mimi siku hizi naangalia volti kwanza, kipimajoto kinakuja kuthibitisha.

Joto linatoka wapi? Hewa ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni umeme wako mwenyewe. Volti 15 kwa ampea 2.6 ni wati 39 zinazomwagika ndani ya bafu kwa dakika 45. Kwenye lita 10 za bafu hiyo ni kupanda karibu nyuzi 3. Kwenye lita 3 ni karibu nyuzi 9. Ndiyo maana aliyetumia kopo la rangi ili kubana matumizi ya asidi anapata chaki, na jirani yake mwenye ndoo kubwa anapata ngozi, asidi ikiwa ni ya chupa moja.

Ninachofanya: ndoo ya asidi inakaa ndani ya beseni kubwa la maji, na beseni ndilo linalowekewa barafu. Vile vifuko vya barafu vinavyouzwa mtaani vinatosha, vitano sita kwa awamu. Barafu usiitie ndani ya asidi, inaizimua na vipimo vyote vinapotea. Naanza na bafu likiwa nyuzi 17 au 18 ili lipate nafasi ya kupanda. Halafu kapampu ka hewa ka tangi la samaki, kenye mpira wa plastiki hadi chini ya ndoo, kanachanganya bafu muda wote. Bila kuchanganya, kipimajoto kinaweza kusoma 20 pembeni huku maji yaliyogusana na kipande yakiwa na nyuzi nyingi zaidi. Pampu ikae juu ya usawa wa ndoo, umeme ukikatika isije ikavuta asidi.

Ukiona unga upo kwenye kingo na pembe tu, huku katikati pazima, hapo joto la bafu si mshitakiwa wa kwanza. Punguza ampea na uongeze kuchanganya. Kingo zinavuta umeme mwingi kuliko uso bapa, na zinaungua mapema.

Asidi kali mno inaleta chaki ileile. Aliyeitumia ya chupani bila kuizimua anashangaa kipande kimepungua unene. Hakuna cha kushangaa.

## Rangi haishiki, au inashika kwa mabaka

Umeshapima na mita, ngozi ipo. Sasa soma umbo la baka, lina maneno.

Baka lenye umbo la kidole ni kidole chako. Baada ya kusafisha, kipande kinashikwa kwa waya wake tu, hata glavu zikiwa mpya. Kipimo cha usafi ni maji: mwagia maji safi, yakitanda kama shuka uso uko tayari, yakijikusanya matone kama kwenye jani la mgomba, mafuta bado yapo. Sabuni ya kawaida ya vyombo na mswaki inatosha kwa mafuta mengi, ila suuza hadi uchoke.

Michirizi inayoteremka kutoka kwenye shimo, mara nyingi myeupe, ni asidi iliyojificha. Mashimo ya skrubu yasiyotokea upande wa pili yanabeba asidi kimyakimya, kisha yanaitapika ndani ya rangi. Baada ya bafu, suuza, tumbukiza kwenye maji ya baikabonati kwa dakika moja, vuta maji ya mashimoni kwa bomba la sindano, suuza tena. Bomba hilo la sindano ni moja ya vifaa vyangu vya thamani kwenye kazi hii na lilinigharimu chenji.

Sehemu za kipande zilizo tupu, hasa chini ya mikunjo, ni mapovu ya gesi yaliyonasa. Ning'iniza kipande kwa mshazari, hewa ipate njia.

Kipande chote kimepauka sawasawa? Uliza maswali matatu. Je, ulikisuuza kwa maji ya moto kabla ya rangi? Maji ya moto yanafunga vitundu, na wewe ulitaka vibaki wazi. Suuza kwa baridi. Je, kililala mpaka kesho? Vitundu vinaanza kujifunga vyenyewe, kwa hiyo rangi iingie siku hiyohiyo, afadhali saa hiyohiyo. Je, rangi yenyewe ni ya aina gani? Vitundu vina upana wa nanomita 10 hadi 20 tu. Rangi ya kupaka, ya mafuta au ya maji, ni chembe kubwa mno haziingii. Inatakiwa rangi inayoyeyuka kabisa majini, na zenye bahati kubwa ni zile za asidi zinazotumika kwa sufu na nailoni. Ipashe moto hadi nyuzi 50 au 60, isichemke, na kipande kikae dakika 10 hadi 20. Jaribu kwanza kwa kibamba cha 6063 kabla hujatumbukiza kitu ulichokitolea jasho.

Nyeusi ndiyo ngumu kuliko zote. Inataka ngozi nene. Kwenye maikroni 8 itaishia zambarau au kahawia, na hapo watu wanasema rangi ni feki.

## Masizi meusi baada ya kostiki

Kostiki soda, gramu 50 kwa lita moja ya maji vuguvugu, inavua ngozi ya zamani na kusafisha uso. Dakika moja mbili, povu likiwa zito, nje, upepo ukiwa mgongoni. Chombo kiwe plastiki. Kostiki kwenye sufuria ya aluminiamu itakula sufuria.

Kipande kikitoka na masizi meusi, kostiki imekula aluminiamu ikaacha madini yasiyoyeyuka humo: shaba, silikoni, na mengineyo. Ukisugua kwa mswaki yakaondoka yote, endelea. Yakirudi kila ukitumbukiza, mkononi una aloi yenye mchanganyiko mwingi. Viwandani masizi ya shaba yanaondolewa kwa asidi ya naitriki. Masizi ya silikoni yanahitaji kuongezwa asidi ya haidrofluoriki, na hiyo isiingie nyumbani kwako kwa sababu yoyote: inapenya ngozi ya mwili na kushambulia hadi mfupa, na kidonda kinaweza kuchelewa kuuma.

## Kijivu kisicho na dawa

Hapa niwe mkweli, maana ndiyo sehemu inayowavunja moyo wengi. Vitu tunavyotamani kuvipamba, mkono wa breki wa bodaboda, kava la injini, kabureta, rimu za sporti, karibu vyote ni vya kumiminwa kwenye kalibu. Aloi za kumimina zina silikoni nyingi ili ziteleze vizuri zikiwa uji. Aloi ya A380, maarufu kwa kazi hizo, ina silikoni asilimia 7.5 hadi 9.5 na shaba asilimia 3 hadi 4. Silikoni haioteshi ngozi. Unapata kijivu chenye madoa, rangi inashika kama upele, na si kosa lako.

Sufuria na vitu vinavyomiminwa na mafundi wetu kutoka kwenye chakavu ni kundi hilohilo, tena bila uhakika, kwa sababu ndani yake kuna pistoni, fremu na makopo vilivyoyeyushwa pamoja. Na sufuria ya kupikia usiitie rangi hizi hata ingekubali.

Utajuaje bila maabara? Mabomba, pembe na mikanda yenye unene ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho imesukumwa kiwandani, na mara nyingi ni 6063 au 6061: piga bila wasiwasi. Mabamba laini yanayokunjika bila kupasuka, mengi yanakubali. Kitu chenye mshono wa kalibu, namba zilizoinuka, au uso wa chembechembe ndani, kipake rangi badala ya kukipiga anodaizi.

## Ukungu mweupe baada ya kuchemsha

Kuchemsha ndiko kunakofunga vitundu. Maji yawe ya betri au ya mvua iliyovunwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya mwanzo. Ukichemsha kwa maji ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi unayoionja kwenye chai, utapata ukungu mweupe, na baadaye vishimo vidogo vyeusi, kwa sababu kloraidi inachimba aluminiamu. Maji yenye mabaki ya sabuni yenye fosfeti yanazuia vitundu kufunga kabisa, kwa hiyo sufuria ya kuchemshia isiwe ile ya kuoshea nguo.

Muda ni dakika 2 hadi 3 kwa kila maikroni. Kwa ngozi ya maikroni 17 hiyo ni kama dakika 35 hadi 50, maji yakichemka kweli. Hapa ndipo Nairobi inapolipa baridi yake: kwa kimo kile maji yanachemka kwenye karibu nyuzi 94, kwa hiyo ongeza muda.

Rangi inavuja na kuyageuza maji ya sufuria kuwa sharubati? Kidogo ni kawaida. Ikivuja sana, suuza vizuri zaidi kabla ya kuchemsha na uhakikishe maji yamekwisha kuchemka kabla ya kipande kuingia. Ukikiingiza maji yakiwa vuguvugu, rangi inatoka kabla mlango haujafungwa.

Kujua kama kimefunga, chora nukta kwa kalamu ya rangi mahali pasipoonekana, subiri dakika moja, futa kwa kitambaa chenye spiriti. Nukta ikiondoka safi, kimefunga. Ikibaki kivuli, rudisha sufuriani.

Kipande kilichopauka baada ya miezi michache juani, chekundu kikawa cha waridi, hakina kosa la kuchemsha. Rangi nyingi za asidi haziwezi jua. Kwa kitu cha nje acha rangi ya asili ya fedha, au weka nyeusi.

## Rangi ya kupaka inabanduka vipande

Kwa vile vya kalibu tulivyoshauri vipakwe. Rangi ikitoka kama ganda la kitunguu, uso chini ukiwa unang'aa, haikuwa na cha kukamata. Piga msasa namba 240 hadi 320, futa vumbi, na praima iingie ndani ya saa hiyo. Praima iwe ile ya kung'ata metali, yenye asidi ya fosforiki, au epoksi ya kuchanganya makopo mawili. Usisugue kwa sufu ya chuma: vipande vyake vinanasa kwenye aluminiamu, vinaota kutu chini ya rangi.

Ukiona chini ya rangi kuna nyuzi nyembamba zinazotambaa kama njia za minyoo, kuanzia kwenye mkwaruzo au tundu la skrubu, hiyo ni chumvi iliyofungiwa ndani ikisaidiwa na unyevu wa hewa. Kupaka juu yake ni kuificha tu. Kwangua hadi metali, osha kwa maji safi mengi kabla ya msasa na baada yake, kausha, ndipo praima.

## Fremu za madirisha: madoa na unga mweupe

Anodaizi ya kiwandani, hata iliyo nzuri, haipendi uchachu mkali wala magadi makali. Matone ya saruji mbichi wakati wa kupiga plasta yanaacha mabaka meupe yasiyofutika, kwa sababu saruji ni kali kwa upande wa magadi na imeshaila ngozi. Yafute yakiwa mabichi, kwa maji. Yakikauka, doa ni la kudumu. Dawa ya kung'arishia vigae yenye asidi ya haidrokloriki nayo inavua ngozi, na ndiyo maana dirisha la bafuni huchakaa kabla ya la sebuleni. Tumia maji na sabuni laini, mara nyingi zaidi kadiri ulivyo karibu na bahari.

Unga mweupe unaozunguka kichwa cha skrubu ni habari nyingine. Skrubu ya chuma, aluminiamu na maji ya chumvi vikikutana vinakuwa betri ndogo, na anayeliwa ni aluminiamu. Skrubu za chuma cha pua hazina kutu, lakini betri hiyo bado ipo. Weka washa ya nailoni chini ya kichwa na grisi kwenye uzi. Kabla hujapaka chochote, toa skrubu moja uangalie shimo. Kama meno ya uzi yameliwa, shimo hilo limekwisha: toboa jingine pembeni, sentimita tatu au nne mbali, kwenye metali ngumu.